Barazani: Nani Aliyesema Kweli?



Sogezeni viti karibu, kwa maana baraza ya juma hili ina shauri, na shauri lenyewe limetoka Ipililo, huku kwetu Mkoa wa Simiyu. Msije mkacheka mkisikia lilivyoanza. Lilianza kwa wanasesere, yaani midoli ya watoto, tena midoli ya Uingereza. Lakini lilipofika mwisho lilikuwa limewatenga ndugu wawili wa tumbo moja, hata Jumapili wakawa wanatoka kanisani kwa milango miwili, wasije wakasalimiana. Wenyewe wameniruhusu kulisimulia, mradi nisitaje majina. Basi nitawaita Mkubwa na Mdogo, nanyi mtanielewa.

Barua ya kwanza ilitoka kwa Mkubwa, nayo ilinifikia kabla ya Kwaresima. Alisema hivi: mwaka 1992, alipokuwa na miaka 11, alikuja mwuguzi mmoja Mwingereza wa kujitolea. Yule bibi alikuwa na televisheni, deki, na mfuko wa kanda za video alizotumiwa na ndugu zake. Jioni moja aliwasha jenereta, akawaalika watoto wote katika jumba lililo karibu na kanisa. Vijana wa leo wakumbuke kwamba wakati huo Tanzania bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Vya kwanza vilianza mwaka 1994. Kwa hiyo watoto wengi wa kijijini walikuwa hawajaona picha ikitembea tangu kuzaliwa kwao.

Mkubwa aliandika: "Niliona watu wa midoli wenye vichwa vikubwa, wamevaa sare, midomo yao ikifunguka wanaposema. Bwawa la kuogelea lilisogea pembeni, na chini yake ikatoka roketi ikipiga moshi. Tena palikuwa na ndege ya kijani, nene kama kiboko, inayobeba mashine nyingine tumboni. Mchezo huo uliitwaje? Naomba unijibu, Mzee wa Barazani, kwa sababu katika ukoo wetu yuko mtu anayeeneza uongo juu ya jambo hili."

Niliiweka barua hiyo kando, nikadhani ni mzaha wa mtu mzima anayekumbuka utoto. Majuma mawili baadaye ikaja barua ya pili. Kijiji kile kile, mwaka ule ule, jumba lile lile, mwuguzi yule yule. Lakini Mdogo, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 7, aliandika habari nyingine kabisa:

"Niliona panya wa rangi ya waridi, wenye pua ndefu, wamevaa kama wamefumwa kwa uzi. Hawakusema, ila walipiga miluzi, na sauti ya mzee mmoja mpole ilisimulia. Walikaa ndani ya mwezi, wakifunika mashimo yao kwa vifuniko vya bati. Mnyama mmoja chini kule aliwapa supu. Watu wenye sare sikuwaona, wala roketi ya bwawani. Nisaidie, Mzee, maana kaka yangu ameniita mwongo mbele za watu."

Hapo ndipo nilipoacha kucheka.

Mzaha uliogeuka kuwa kesi

Niliwauliza kwa barua, kila mmoja peke yake, kwa nini jambo la miaka mingi namna hii linawauma leo. Majibu yao yalilingana. Miaka yote walikuwa wakitaniana juu ya wanasesere wale. Kwenye pombe ya harusi mmoja alisema roketi, mwingine akasema panya, watu wakacheka, wakaenda nyumbani. Hapakuwa na ubaya.

Kisha baba yao akafariki dunia. Wazee wa ukoo wakakaa kugawa shamba la pamba. Mkubwa akasema mpaka upo kwenye mkwaju. Mdogo akasimama akasema kwamba baba, mwaka mmoja kabla ya kufa, alimpeleka shambani akamwonyesha kisiki, ng'ambo ya mkwaju, akamwambia mpaka ni hapa. Wazee wakaanza kumsikiliza. Lakini Mkubwa akainuka akasema, "Mnamsikiliza huyu? Ndiye aliyeona panya wanakunywa supu ndani ya mwezi, sisi wenzake tulipokuwa tunaona roketi. Aliyeona panya wale ndiye aliyeona na kisiki."

Baraza zima likaangua kicheko. Ushahidi wa Mdogo ukafa pale pale. Hakuna aliyempinga kwa sababu. Walimpinga kwa kicheko, na kicheko hakijibiwi. Tangu siku hiyo ndugu hao hawajala sahani moja.

Wasomaji wapenzi, mnaujua usemi wa wazee: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Mimi niliona kwamba hawa wakipatana juu ya panya na roketi, huenda watapatana na juu ya mengine. Basi nikaanza kazi ya kuwatafuta wanasesere wale.

Jinsi nilivyotafuta

Kwanza nilijizuia kumwonyesha yeyote picha. Mtu ukimwonyesha picha kwanza, atakuambia, "Ndiyo, ndiyo hii," kwa kuwa anatamani iwe ndiyo. Niliandika dalili za kila mmoja katika karatasi yake. Kisha nilimwomba binti wa ndugu yangu, aliye na simu ya kisasa, anisomee habari za wanasesere wa televisheni ya Uingereza. Kumbe Waingereza wana ukoo mzima wa michezo hiyo, nao wamegawanyika katika makabila matatu.

Kabila la kwanza ni wanasesere wa kuvaliwa mkononi kama soksi. Mashuhuri kati yao ni Sooty, dubu mdogo wa manjano ambaye Bwana Harry Corbett alimnunua katika mji wa Blackpool mwaka 1948 kwa ajili ya mwanawe, na baadaye akatokea naye kwenye televisheni. Mwanasesere wa namna hii hana miguu ya kutembelea, kwa sababu chini yake upo mkono wa mtu. Mkubwa na Mdogo wote wawili walisema waliona miguu. Basi hilo nikaliondoa.

Kabila la pili ni wanasesere wa kuning'inizwa kwa nyuzi, na mtu akasimama juu akizivuta. Namna hii ni ya zamani kwenye televisheni yao. Andy Pandy, mtoto mwenye nguo za mistari, alianza mwaka 1950, naye aliruka na kucheza kwa nyuzi zilizoonekana waziwazi.

Kabila la tatu halina nyuzi wala mkono. Mtengenezaji humweka mwanasesere mezani, akapiga picha moja. Kisha humsogeza kidogo sana, kama upana wa punje ya mtama, akapiga nyingine. Picha 24 au 25 hupita mbele ya macho yetu kwa sekunde moja tu, na macho yetu hudanganyika, yakadhani mwanasesere anatembea mwenyewe. Kazi ya siku nzima hutoa mchezo mfupi sana tu. Postman Pat, tarishi mwenye gari jekundu na paka wake, aliyeanza mwaka 1981, ni wa kabila hili.

Baada ya kupanga hivyo, dalili za Mkubwa zilianguka katika kabila la pili bila shida. Bwawa linalosogea, roketi chini yake, ndege nene ya kijani yenye mashine tumboni: hayo yote ni ya mchezo mmoja tu, nao ni Thunderbirds. Uliundwa na Bwana Gerry Anderson na mkewe Sylvia, ukapigwa picha katika mji wa Slough karibu na London, ukaonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1965. Vipindi vyake ni 32. Habari yake ni ya baba mmoja na wanawe watano wanaokaa katika kisiwa cha mbali, wakiwa na mashine tano za ajabu. Wanasikia mahali fulani watu wamefukiwa na mgodi, au daraja limewaangukia, wakaenda kuwaokoa. Hawapigani kwa kutaka mali. Kazi yao ni kuokoa.

Na vile vichwa vikubwa? Ndani ya kichwa cha kila mwanasesere kilifichwa chombo cha umeme cha kuchezesha midomo kufuata sauti ya msemaji. Chombo kilihitaji nafasi, basi kichwa kikawa kikubwa mno kisilingane na kiwiliwili. Mwanasesere mzima alikuwa na kimo cha sentimeta 56 hivi. Kutembea kulimshinda, kwa hiyo mara nyingi alionyeshwa amekaa ndani ya chombo, au kuanzia kiunoni kwenda juu.

Mkubwa alikuwa ameniandikia jambo jingine, ambalo mkewe alilicheka sana. Alisema kwamba katikati ya midoli ile aliona mkono wa mtu halisi, wenye ngozi na kucha, ukibonyeza kitufe. Mkewe akasema, "Mume wangu, sasa unaota." Hakuota! Vidole vya mwanasesere haviwezi kushika kitu vizuri, basi ilipohitajika kuonyesha mkono kwa karibu, watengenezaji walipiga picha ya mkono wa mtu. Kile alichochekewa zaidi ndicho kilichokuwa kweli kabisa.

Ikabaki karatasi ya Mdogo. Nami nakiri mbele zenu, wasomaji, kwamba nilikuwa nimekwisha kuegemea upande wa Mkubwa. Nilisema moyoni, mtoto wa miaka 7 alisinzia, akaota panya. Lakini binti yule alipouliza juu ya panya wa rangi ya waridi wanaopiga miluzi mwezini, jibu lilikuja mara moja, na picha yake.

Wanaitwa Clangers. Waliundwa na marafiki wawili, Oliver Postgate na Peter Firmin. Walianza kuonyeshwa Novemba 1969, miezi minne baada ya binadamu wa kwanza kukanyaga mwezi, wakaendelea mpaka 1972. Kazi ilifanyika katika banda la zamani, shambani kwa Bwana Firmin, kijiji cha Blean karibu na mji wa Canterbury. Mdogo alisema panya wale walikuwa kama wamefumwa kwa uzi. Kweli, mke wa Bwana Firmin, Bibi Joan, aliwafuma kwa uzi wa sufu wa rangi ya waridi. Alisema wanapiga miluzi; kweli, maneno yao yaliandikwa kwanza kwa Kiingereza, kisha yakapigwa kwa filimbi, neno kwa neno. Alisema sauti ya mzee mpole ilisimulia. Hiyo ni sauti ya Bwana Postgate mwenyewe. Na yule mwenye supu yupo: ni joka jike mpole, akaaye chini ndani ya sayari yao, akiwapakulia supu kutoka visimani. Hata vifuniko vya bati vipo, vya kuwakinga na mawe yanayoanguka kutoka angani.

Nikashika karatasi mbili mkononi. Zote mbili ni kweli. Lakini watoto wa nyumba moja, katika jumba moja, waliwezaje kuona vitu viwili mbalimbali, na kila mmoja kuapa kwamba cha mwenzake hakikuwapo?

Mtu ambaye hakuulizwa

Nilifunga safari kwenda Ipililo mwezi wa Juni, wakati wa kuuza pamba. Sikwenda kwa Mkubwa wala kwa Mdogo. Nilikwenda kwa mama yao, kikongwe aliyepita miaka sabini, mwenye macho ya kuona mbali bado. Nilimkuta kivulini anachambua karanga.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, baba. Mhola?"

"Mhola duhu, mayu."

Akaniletea michembe na chai, tukala. Kisha nikamwuliza kama siku zile za video za mwuguzi alikuwapo.

Akacheka. "Baba, nani aliwapeleka wale watoto usiku? Mimi niliwapeleka, na binti yangu mdogo nimembeba mgongoni. Nilikaa nyuma, ukutani."

"Uliona nini?"

"Siku ipi?" akauliza.

Wasomaji wapenzi, neno hilo moja lilimaliza kesi. Siku ipi! Kumbe zilikuwa jioni mbili, si moja. Jioni ya kwanza bibi yule aliwaonyesha watu wenye sare na mashine zao. Mdogo alilala mapajani mwa mama kabla ya picha kuanza, akabebwa kurudi nyumbani akiwa usingizini. Jioni ya pili aliwaonyesha panya wa miluzi. Siku hiyo ng'ombe mmoja alikuwa akizaa kwa shida, na Mkubwa aliachwa zizini na baba yake. Mwuguzi alihamishwa upesi baada ya hapo, na kanda zake zikaenda naye.

Kila mtoto alibaki na jioni yake, na miaka ilipopita jioni mbili zikawa moja katika mawazo yao. Mdogo hakukumbuka kwamba alilala, kwa maana mtu hakumbuki usingizi wake. Mkubwa hakukumbuka kwamba hakuwapo, kwa maana usiku ule wa zizini ulichanganyika na usiku mwingine mwingi wa zizini.

Nilimwuliza mama kama ana hakika kwamba haikuwa michezo miwili ya jioni moja. Hapo ndipo aliponifundisha mimi.

"Nina hakika," alisema. "Wale wa siku ya kwanza walikuwa na nyuzi. Niliuona uzi uking'aa juu ya kichwa cha mmoja. Siku ya pili nilikaa nikitafuta nyuzi, sikuona hata moja. Nikasema nyumbani, hawa wa leo wana fundi mwingine."

"Ulijuaje kutafuta nyuzi, mayu?"

"Nilikuwa msichana wa ngoma," akajibu.

Akanieleza. Alipokuwa mdogo, baada ya mavuno, wachezaji wa Bagika na Bagalu walikuwa wakishindana siku nyingi uwanjani. Wasukuma wenzangu mnalijua hili, lakini wasomaji wa mbali yafaa niwafafanulie. Vyama hivyo viwili vya ngoma vilianzishwa katika karne ya 19 na watu wawili waliokuwa washindani, Ngika na Gumha, na mpaka leo kila mchezaji hujihesabu wa upande mmoja. Vyama vyote viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi upande wake. Kwa hiyo kila kiongozi hutafuta jambo la kushtusha ili watu wamkimbie mwenzake waje kwake. Wengine walichonga sanamu za mbao, wakazipa mikono ya kuchezacheza, wakazivika nguo, wakazileta uwanjani ghafula.

"Waliinua mtu wa mti," alisema mama, "akatikisa mikono, watu wakapiga yowe wakatuhama. Mimi sikukimbia. Nilikaa nikitazama nani anamtikisa, na kwa wapi. Tangu hapo, nikiona mtu wa mti anacheza, namtafuta mwenye mkono."

Mnaona, ndugu zangu? Mimi nilitafuta kwa simu mambo ya Slough na Canterbury, na majibu nikayapata. Lakini ufunguo wa shauri ulikuwa Ipililo, kivulini, unachambua karanga. Ndugu wawili walibishana zaidi ya miaka thelathini, na hakuna hata mmoja aliyewaza kumwuliza aliyewabeba.

Mapatano

Jioni hiyo mama aliwaita wanawe wote wawili. Nilimwonyesha kila mmoja picha ya wanasesere wake kwanza, kisha picha ya wanasesere wa mwenzake. Mdogo alipoona panya wa waridi aliinamisha uso, akanyamaza muda mrefu. Mkubwa alichukua simu, akawatazama panya wale, akawatazama tena. Kisha akasema kwa Kisukuma maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Basi walikuwapo." Akamgeukia mdogo wake akamwomba radhi, si kwa sababu ya panya, bali kwa sababu ya kicheko kile cha barazani.

Msidhani nataka kuwaambia kwamba mpaka wa shamba umepatikana. La. Panya wa Clangers hawathibitishi kisiki, wala roketi ya Thunderbirds haithibitishi mkwaju. Mtu aweza kukumbuka sawasawa mchezo wa utotoni, akakosea mpaka. Shauri la shamba limerudi kwa wazee wa ukoo, na safari hii Mdogo atasikilizwa mpaka mwisho. Tena wameafikiana kwamba mama yao ataitwa, naye aliishi na marehemu katika shamba lile miaka yote. Mbona hakuitwa mara ya kwanza? Ulizeni katika koo zenu, mtapata jibu lile lile.

Neno la Barazani

Nimewaza sana tangu niliporudi. Amri ya nane inatukataza kushuhudia uongo, nasi twaifundisha watoto wetu. Lakini yako makosa mawili juu ya ushahidi. La kwanza ni kusema uongo. La pili ni kumwita mwongo mtu aliyesema kweli, kwa sababu tu kweli yake haifanani na yetu. La pili tunalitenda mara nyingi, tena bila kuungama, maana tunadhani tunaitetea kweli.

Mtazame Mathayo akisimulia habari ya Yeriko: vipofu walikuwa wawili. Mtazame Marko: anamtaja mmoja tu, na jina lake analijua, Bartimayo. Kanisa halikumwita Mathayo mwongo, wala halikumfukuza Marko. Limewapokea wote wawili na kusoma Injili zao kwa heshima, kwa kuwa shahidi mmoja hawezi kubeba yote. Ikiwa ni hivyo kwa Wainjili, itakuwaje kwetu, tunaosinzia mapajani mwa mama?

Kwa hiyo ndugu yako akisema aliona usichokiona, usikimbilie kucheka. Mwulize kwanza: Ulikuwa umekaa wapi? Ilikuwa siku gani? Nani mwingine alikuwapo? Mkiisha kuulizana maneno hayo matatu kwa upole, ugomvi mwingi utakufa kabla ya kupata majina.

Na jambo la mwisho. Waingereza wameandika kwa kalamu habari za wanasesere wao: aliyewafuma, banda walimokaa, mwaka walioanza. Ndiyo sababu mzee wa Simiyu aliweza kuwatambua kwa muda mfupi. Lakini yule mtu wa mti aliyetikisa mikono mbele ya mama yetu, nani alimchonga? Uwanja gani? Alipewa jina gani na waliompigia yowe? Padre David Clement, Mkanada wa Mapadre Weupe, alifanya kazi kubwa pale Bujora, karibu na Mwanza. Alikusanya vifaa vya Wasukuma katika makumbusho, na mpaka leo ngoma huchezwa huko katika sikukuu ya Bulabo, tangu Sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu. Lakini mtu mmoja hawezi kuandika ya vijiji vyote. Yaliyobaki yamo vichwani mwa bibi na babu zetu, na kila mwaka tunayazika pamoja nao.

Basi juma hili nawapa kazi. Mtoto aliyejifunza kuandika achukue daftari, akae karibu na bibi au babu, amwulize: Ulipokuwa mdogo, uliona nini uwanjani siku za ngoma? Aandike alivyoambiwa, asiongeze wala asipunguze. Kama babu na bibi hawasemi sawasawa, aandike maneno ya wote wawili, kila mmoja kwenye ukurasa wake. Asimcheke yeyote. Mkipenda, nileteeni nami nitayasoma hapa Barazani.

Nilipokuwa nikiaga Ipililo, mama yule alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia, "Baba, ukirudi tena niletee wale panya niwaone. Siku ile mtoto alinilia mgongoni, sikuona mwisho wake."

Nimemwahidi. Tumwombe Mungu amjalie uzima mpaka nirudi. Nanyi nawatakia amani nyumbani mwenu, mpaka juma lijalo.

Ni mimi mwenzenu wa Barazani.